Mshare: Mgomba Uliopotea Asia Ukabaki Upare

Anayepita Same ndani ya basi la Arusha na Dar es Salaam huona nchi kavu: migunga, mibuyu, mashamba ya mkonge, na upepo unaoshuka mlimani bila kuleta mvua. Mji wenyewe umekaa kama mita 860 juu ya usawa wa bahari, upande ule wa milima ambao mawingu huufikia yakiwa yameshamwaga maji yake kwingine. Ukubwa wa milima iliyo nyuma yake hauonekani vizuri kutoka barabarani. Kilele cha Shengena, kilicho juu ya vingine vyote Upare, kina mita 2,462, na kuanzia Vudee na Chome hadi Mbaga, Mamba na Gonja kuna mabonde yenye chemchemi, misitu na mashamba yaliyokatwa kwenye miteremko mikali. Humo ndimo migomba ilimo.

Si mgomba wa aina moja. Kuna mkono wa tembo, kuna kisukari, kuna malindi, na kuna ndizi za kuja zilizoletwa na mabwana shamba miaka ya karibuni. Katikati ya hizo umo mshare. Huo ni mgomba wa kale ambao watu wengi wa kaskazini mwa Tanzania wameukuta kwa babu zao, wakaula maisha yao yote, na hawakupata sababu ya kuuliza ulitoka wapi. Swali hilo lina jibu, nalo ni refu kuliko milima yenyewe: linaanzia New Guinea, linapita Komoro na Zanzibar, na linamgusa kila mtu duniani aliyewahi kumenya ndizi mbivu ya dukani.

Kuutambua mshare si kazi kwa aliyeuzoea. Shina lake ni refu na jembamba, na mmea mzima una umbo jepesi ukiusimamisha kando ya mkono wa tembo. Vidole vya ndizi zake ni virefu, vyembamba, vimenyooka kuliko vya aina nyingi za kupika. Wahenga walisema mgomba haushindwi na mkunguwe, lakini wakulima wa milimani hawauachi mshare peke yake. Mkungu ukianza kunenepa hukata mti wenye panda na kuuegemeza, kwa sababu shina jembamba kwenye mteremko wenye upepo linaweza kulala chini usiku mmoja pamoja na chakula cha wiki nzima.

Sifa yake kubwa iko chunguni. Mpishi hupaka mafuta mikononi kabla ya kumenya, maana utomvu wa ndizi mbichi ukikauka huacha weusi usiotoka kwa sabuni. Kisu hupita kwenye ncha zote mbili, ganda huchanwa kwa urefu, na nyama iliyo ndani, nyeupe inayoelekea manjano, hutumbukizwa majini upesi isibadilike rangi. Kuanzia hapo mshare hauchelewi. Hulainika haraka, hupondeka bila kuacha vinyuzi, na hushika mchuzi wa nyama kwa namna ambayo ndizi ngumu haziwezi. Ndiyo maana mtori mzuri wa kaskazini, ule anaopewa mzazi aliyetoka kujifungua ili arudishe nguvu, hutakiwa uwe wa mshare. Ukiachwa shambani hadi uive, huliwa mkononi kama tunda. Mgomba mmoja unaotoa chakula cha chunguni na tunda la mtoto una thamani ya pekee katika shamba dogo la mlimani.

Kuna sifa nyingine isiyoonekana kwa macho. Mshare una kromosomu 22, yaani seti mbili, zote za jamii moja ya mgomba mwitu inayoitwa Musa acuminata. Ndizi za kupika za Bukoba na Uganda zina kromosomu 33, seti tatu. Ndizi mbivu ya Cavendish, inayojaza maduka ya Ulaya na Marekani, nayo ina seti tatu. Migomba ya seti mbili inayolimwa kama chakula cha kila siku ni michache Afrika, na ngome yake kuu ni mnyororo wa milima unaoanza Usambara, ukapita Upare, ukafika Kilimanjaro na Meru. Kila mlima una aina zake ndani ya ukoo huo. Kilimanjaro kuna mshare laini na mshare mlelembo. Usambara wana huti. Ng'ambo ya mpaka, Taita na kwa Wakikuyu, ndugu yake anaitwa muraru.

Mgomba wa kuliwa hauna mbegu za kupanda. Kila mshare ulioko Vudee leo ulichimbwa kama chipukizi kutoka kwenye mshare mwingine, nao kutoka kwa mwingine, bila kukatika, hadi kwenye mmea ambao hakuna aliye hai anayeukumbuka. Mkulima huchagua chipukizi lenye majani membamba yaliyochongoka, si lile lenye majani mapana mapema, kwa sababu majani mapana ni dalili kwamba halijashikana sawasawa na mama yake na halitakuwa na nguvu. Hulitoa kwa sururu, hukata mizizi, hukagua tunguu lisiwe na matundu ya fukusi, na hulipanda kwenye shimo lenye samadi. Shambani shina moja huachiwa vizazi vitatu: mama anayebeba mkungu, binti anayemfuata, na mjukuu anayechungulia ardhini. Vinavyozidi hapo hung'olewa, au hupewa jirani. Ukoo huu umeenea hivyo, kwa mkono wa mtu kumpa mtu.

Majirani wa Wapare huko Usambara wana mti wa ugenini unaosaidia kulielewa jambo hili. Huko Lushoto hulimwa mapeasi, pamoja na plamzi, tufaa na mapichi, matunda ya nchi za baridi yaliyopata makao kwenye mwinuko wa Usambara. Wajerumani walianzisha shamba la majaribio Kwai, karibu na Lushoto, mwaka 1896, ili kupima mazao na mifugo ya Ulaya katika hewa ya milimani. Peasi halikuwa mgeni rahisi. Aina nyingi za Ulaya hudai mamia ya saa za baridi ya chini ya nyuzi 7 kila mwaka, mti upumzike ndipo utoe maua. Nchi yetu haina majira ya baridi ya namna hiyo, na ni zile zenye madai madogo ndizo hufanikiwa. Peasi nalo halifuati mbegu. Mbegu iliyotoka kwenye tunda tamu huota mti mwingine kabisa, mara nyingi wenye matunda madogo na makali. Anayetaka peasi lile lile hukata kijiti na kukipandikiza kwenye shina la mti mwingine.

Kwa hiyo kila peasi mashuhuri duniani ni mti mmoja wa zamani unaoendelea kuishi katika miili mipya. Wazungu wamelitunza jambo hilo kwa maandishi. Peasi la Williams linajulikana lilikoanza: bustani ya mwalimu wa shule, John Stair, katika kijiji cha Aldermaston, Uingereza, karibu mwaka 1770. Mwenye kitalu aliyeitwa Williams akalieneza, likachukua jina lake. Lilipovuka bahari, Enoch Bartlett wa Massachusetts alikuta miti hiyo kwenye shamba alilonunua, hakujua kwamba ina jina tayari, na hadi leo Wamarekani wanaliita Bartlett. Watu wawili walipata kukumbukwa kwa kulisambaza tunda ambalo hawakulianzisha.

Mshare una umri mkubwa kuliko Williams kwa mamia ya miaka, pengine kwa zaidi ya elfu, na haukupewa jina la mtu yeyote. Hilo ni deni. Aliyeuchukua mshare kutoka kwenye unyevu wa pwani akaufundisha kuishi kwenye baridi ya Chome alifanya kazi ileile ya Stair na Williams, tena bila kitalu wala kalamu.

Safari yenyewe ilianza mbali. Mgomba si mmea wa asili ya Afrika. Ndugu yake wa hapa ni mgombamwitu wa jenasi ya Ensete, ule ambao Waethiopia wa kusini wanakula tunguu na shina lake. Mgomba wa ndizi ulianza kulimwa upande wa New Guinea na visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki. Kwenye bwawa la Kuk, katika nyanda za juu za New Guinea, wanaakiolojia wamekuta dalili za kilimo cha migomba za takriban miaka 7,000. Watu walipohama kisiwa hadi kisiwa walibeba machipukizi, na migomba ya visiwa tofauti ikakutana na kuchavushana. Damu ya New Guinea na damu ya visiwa vya magharibi kama Java zikaungana katika migomba isiyo na mbegu. Mmoja wa uzao huo ndio ukoo wa mshare.

Mabaharia wa Kiaustronesia, wale waliofika hadi Madagaska na kuacha lugha yao huko, ndio wanaodhaniwa kuileta sehemu kubwa ya migomba hii upande wetu wa Bahari ya Hindi. Hadi waandishi wa Kiarabu walipoanza kuielezea pwani, ndizi ilikuwa imeshakuwa chakula cha kawaida. Al-Masudi, katika karne ya 10, aliandika kwamba nchi ya Zanj ina ndizi nyingi kama India. Al-Idrisi, mwaka 1154, alikwenda mbali zaidi: alitaja aina tano kwa majina, miongoni mwao ya fili, ambayo tunda lake lilikuwa zito kupita kiasi, na ya sukari. Naye Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandaliwa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Mpishi yeyote wa Moshi au Same akisikia habari hiyo leo ataelewa moja kwa moja aina ya chakula alichopewa mgeni yule.

Orodha ya al-Idrisi inastahili kuangaliwa kwa heshima. Zama ambazo watu wa kaskazini ya mbali hawakuwa wamewahi kuiona ndizi, watu wa pwani hii walishazitofautisha aina, wakazipima uzito, wakajua ipi tamu na ipi ya kushiba.

Kutoka pwani hadi Upare njia ni mto. Pangani hushuka kutoka Kilimanjaro na Meru ukipita chini ya Upare na Usambara hadi baharini, na milima iko kando yake kama vituo. Chipukizi la mgomba lililokatwa mizizi linaweza kukaa siku nyingi safarini bila kufa, na hapo hakuna haja ya kudhani msafara mmoja mkubwa. Lilitosha bwana mmoja kuoa mlima wa pili, au familia moja kuhama kwa sababu ya njaa. Profesa Isaria Kimambo, katika historia yake ya Wapare iliyotoka mwaka 1969, alikusanya masimulizi ya koo nyingi, na mengi kati yake ni habari za kuhama: watu kutoka Taita, kutoka Usambara, kutoka Ugweno kwenda kusini. Koo zilizohama zilihama na vyakula vyao.

Lakini kufika ni jambo moja na kuishi ni jingine. Mgomba unataka maji mwaka mzima, kama milimita 100 za mvua kila mwezi, na Upare haina ukarimu huo. Miteremko ya mashariki inayopokea upepo wa bahari, upande wa Mamba na Gonja, ina afadhali. Ile ya magharibi inayotazama Same na Makanya hupata masika na vuli, kisha miezi mirefu ya jua. Katika miezi hiyo mgomba usiomwagiliwa hutoa mkungu mdogo wenye vidole vyembamba kama penseli, au hautoi kabisa.

Jawabu la Wapare lilikuwa ndiva. Ni bwawa dogo lililojengwa kwa mawe na udongo, siku hizi mara nyingi kwa saruji, kwenye njia ya mfereji unaotoka mtoni. Usiku, watu wakilala, maji hujaza ndiva. Asubuhi tundu lililozibwa huzibuliwa, na maji yaliyokusanyika huteremka kwa nguvu inayoweza kuyafikisha mashamba ya mbali, jambo ambalo kijito chembamba cha moja kwa moja kisingeweza kulifanya. Zamu zilipangwa. Aliyeiba maji ya mwenzake alishitakiwa kwa wazee, na sehemu nyingine ndiva ilikuwa na wasimamizi wa ukoo na mila zake za kufunguliwa. Mbiu ikipigwa kwa ajili ya msaragambo, kila nyumba ilitoa mtu wa kuzibua mfereji au kuondoa tope. Msaragambo haukubaki mlimani. Watanzania wa mikoa mingine nao wamelichukua jina hilo kwa kazi za pamoja za kujenga shule na barabara.

Zana za kuchimbia zilitoka hapohapo. Ugweno, kaskazini mwa Upare, ilikuwa nchi ya wahunzi. Ukoo wa Washana ulikuwa na ufundi wa kuyeyusha chuma kutoka kwenye mchanga mweusi wa vijito, na hata baada ya ukoo wa Wasuya kuchukua utawala, sifa ya chuma cha Ugweno haikufa. Kilivuka hadi kwa Wachaga, waliokosa chuma chao wenyewe. Hivyo jembe la Ugweno lilichimba mfereji, mfereji ukajaza ndiva, ndiva ikanywesha mgomba. Anayetaka kujua kwa nini mshare ulidumu hapa asianzie kwenye udongo pekee. Aanzie kwenye kamati ya maji.

Na kwenye zizi. Ng'ombe wa milimani hufungwa ndani na kukatiwa majani, na shina la mgomba uliokwisha kuzaa hukatwakatwa akapewa yeye, lina maji mengi na humsaidia wakati wa kiangazi. Samadi hurudi shimoni kwa mgomba. Majani makavu hufunika ardhi yasiruhusu jua kuikausha. Chini ya kivuli hupandwa maharage na magimbi, na tangu enzi za wakoloni kahawa pia.

Karne ya 19 iliitikisa nchi hii. Misafara ya pembe na watumwa kutoka Pangani na Tanga ilipita chini ya milima, ikinunua vyakula Gonja na Kisiwani, na Semboja wa Mazinde, mwana wa Kimweri mkuu wa Usambara, alikuwa na mkono wake katika biashara na vita vya bonde hilo. Watu wengi walijikusanya juu, kwenye mashamba ambayo mvamizi hawezi kuyafikia kwa urahisi. Oscar Baumann wa Austria alizunguka Usambara na Upare mwaka 1890 na kuchapisha kitabu chake mwaka uliofuata, tayari utawala wa Kijerumani ukiwa mlangoni. Wamisionari wakafuata. Mwaka 1903 Waadventista walijenga kituo chao cha kwanza nchini huko Giti, Mamba, wakakiita Friedenstal. Ernst Kotz wa kituo hicho alichapisha sarufi ya Chasu, lugha ya Wapare, mwaka 1909. Walutheri wa Leipzig wakawa na Jakob Dannholz pale Mbaga, ambaye aliandika kuhusu imani za Wapare. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na Same ikakua kwa sababu ya stesheni yake.

Vitabu vya akina Kotz na Dannholz vina faida kubwa kwa lugha na mila. Historia ya mshare, hata hivyo, imeandikwa kwingine, ndani ya chembe za mmea wenyewe, na ilibidi kungojea karibu miaka 100 kabla ya kusomeka.

Mwaka 2011 Xavier Perrier wa Ufaransa, Edmond De Langhe wa Ubelgiji na wenzao walichapisha matokeo yaliyounganisha jenetiki, akiolojia na lugha. Walikuwa wakitafuta wazazi wa Cavendish. Mgomba wenye seti tatu hupatikana pale mzazi mmoja wa seti mbili anapokosea kugawa, akatoa seti zake zote mbili badala ya moja, na mzazi wa pili akaongeza yake. Kwa Cavendish, mzazi wa pili alijulikana ni wa aina za Khai za Thailand. Mzazi wa kwanza, aliyetoa theluthi mbili ya urithi, alionekana kuwa wa ukoo mmoja na ndizi za Mlali za Komoro, paka ya Zanzibar na mshare wa milima ya kaskazini mwa Tanzania. Mzazi huyohuyo ndiye wa Gros Michel, ndizi ambayo Waganda wanaiita bogoya.

Kisha likaja la kushangaza zaidi. Huko Asia, alikotoka, ukoo huo hauonekani tena. Wakulima wa visiwa vile walihamia migomba mingine, na wa kwao ukatoweka mashambani. Umebaki kwenye visiwa vya magharibi mwa Bahari ya Hindi na kwenye milima yetu.

Cavendish yenyewe ina jina la familia ya kitajiri ya Uingereza. Joseph Paxton, mtunza bustani wa Duke wa Devonshire, William Cavendish, alipata mmea uliopitia Mauritius, akauotesha ndani ya nyumba ya vioo ya Chatsworth, na mwaka 1835 ukatoa maua. Leo Cavendish ni karibu nusu ya ndizi zote zinazolimwa duniani na takriban zote zinazouzwa nje ya nchi zinakozalishwa. Nyumba ya vioo ya Chatsworth inatajwa katika kila historia ya ndizi. Mashamba ya Mbaga, ambako jamaa wa karibu wa mzazi wake wanaliwa kila wiki, hayatajwi. Hata katika maandishi ya kitaalamu mshare huitwa ndizi ya Kilimanjaro, na Upare hupata koma moja baada ya Uchaga. Si haki, na kuna hasara ndani yake, kwa sababu mlima usiotajwa hautembelewi.

Ukoo huu una udhaifu mmoja, nao ni mbaya. Kuvu la udongoni linaloleta mnyauko fuzari, ugonjwa ambao ulimwengu uliujua kwa jina la Panama, linaupenda mshare. Dalili huanza chini: majani ya zamani hugeuka manjano pembeni, huvunjika shingoni na kuning'inia kuzunguka shina. Shina hupasuka karibu na ardhi. Mkulima akilikata huona ndani nyuzi za kahawia na zambarau pale ambapo maji yalitakiwa kupita. Hakuna dawa ya kunyunyiza, na kuvu hukaa udongoni miongo mingi hata migomba ikiondolewa. Aina ya kwanza ya kuvu hilo ndiyo iliyoyaangusha mashamba ya Gros Michel Amerika ya Kati, hadi makampuni yakahamia Cavendish kufikia miaka ya 1960. Mshare, kama Gros Michel, hauna kinga nayo. Cavendish sasa ina adui wake, aina inayoitwa TR4, iliyokutwa Msumbiji mwaka 2013, na nchi hiyo inapakana na Tanzania.

Desturi ileile iliyoulinda mshare ndiyo inayousambazia ugonjwa. Chipukizi analopewa jirani kwa upendo linaweza kuwa na kuvu ndani ya tunguu, au kwenye udongo ulioshika mizizi. Maji ya mfereji hulishusha kuvu hilo kutoka shamba la juu hadi la chini. Hakuna anayeweza kuwaambia watu wa Upare waache kupeana machipukizi. Kinachowezekana ni kuwafundisha kukagua tunguu, kusafisha jembe, na kupata miche ya maabara isiyo na ugonjwa pale inapopatikana.

Kuna shinikizo la soko pia. Mamba imejulikana kwa tangawizi, zao linalolipa fedha taslimu na kutaka maji na ardhi ileile ya mabonde. Kijana mwenye ada ya shule ya kulipa hawezi kulaumiwa kwa kung'oa nusu ya migomba ya baba yake. Wala hatakuwa na habari kwamba ndani ya nusu aliyoing'oa kulikuwa na aina ya mshare isiyopatikana shamba la pili.

Arusha, katika eneo la Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia, watafiti wa taasisi ya kimataifa ya IITA wakishirikiana na wa Tanzania walianza kuuzalisha mshare kwa kuuchavusha, kazi iliyopata nguvu kwa mradi wa kuboresha migomba ya Afrika Mashariki ulioanza mwaka 2014. Wakati huo wengi waliuona mshare kuwa tasa kabisa. Haukuwa hivyo. Baadhi ya aina zake, kama huti kijani na nshonowa, hushika mimba zinapopakwa chavua ya mgomba mwitu wa Burma uitwao Calcutta 4, wenye ukinzani kwa magonjwa. Kazi hufanywa asubuhi na mapema, ua likiwa limefunguka, kwa mkono. Mkungu mzima unaweza kutoa mbegu chache sana, mara nyingine hakuna. Mbegu ikipatikana, kiini chake hutolewa kwa kisu chini ya darubini na kuoteshwa kwenye chupa, kwa sababu ukiiacha ardhini haitaota.

Miche inayopona hupandwa, huambukizwa ugonjwa kwa makusudi, na inayosimama hupimwa mkungu. Kisha hupikwa. Hapo ndipo mizuri mingi huanguka, maana mgomba wenye kinga kamili lakini unaotoa ndizi ngumu, au zinazopoteza rangi chunguni, hautapandwa na mtu yeyote kaskazini mwa nchi. Watafiti wamelazimika kuwaita wapishi na wakulima waonje, na kile wapishi wanachokitafuta ni zile sifa ambazo Mbaga na Vudee wamekuwa wakizichagua kizazi baada ya kizazi: kulainika haraka, kupondeka bila vinyuzi, kushika mchuzi.

Sampuli za mshare zipo pia Leuven, Ubelgiji, katika hifadhi ya kimataifa ya migomba iliyoanzishwa mwaka 1985, zikiwa kwenye mirija ya kioo na kwenye baridi ya naitrojeni. Ni bima nzuri, lakini bima hiyo huhifadhi kile tu kilichopelekwa, na kilichopelekwa kilichukuliwa mahali ambapo mtafiti aliweza kufika na gari. Barabara za Upare ya kusini ni nyembamba na huteleza masika. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania ina kituo Tengeru, safari ya siku moja hadi Same. Kinachotakiwa ni watu wachache wenye madaftari wapande Chome, Vudee, Mbaga na Mamba, waingie shamba kwa shamba pamoja na wazee wanaozijua aina kwa majina, wachukue chipukizi moja la kila mshare, na waandike safari hii jina la aliyelitoa.